Embe bivu lile na karanga

Mvua zikishashika Lubumbashi, kufika Desemba maembe yanajaa sokoni mpaka bei inaanguka. Basi usile embe bivu peke yake ukiwa na njaa. Lile baada ya bukari (ugali) na mboga iliyotiwa mafuta, ao na karanga kiganjani. Ile rangi ya njano ni karotini. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, nzuri kwa macho na ngozi, lakini bila mafuta kidogo nyingi inapita bure.

Embe bichi la chumvi na pilipili (utamu wake hauna mpinzani!) kwa kawaida lina vitamini C zaidi, ila karotini kidogo.

Lioshe kwa maji safi, hasa penye kikonyo: utomvu wake unaunguza midomo.