Kumpima mtoto uzito bila kumwaibisha

Mizani ikikaa varandani mbele ya benchi la wanaosubiri, mtoto mwenye unene anaaibishwa kabla hajavua viatu. Iwe ni shule ya Kondele au zahanati ya Nyando, huko Kisumu, anzeni hapo: ingizeni mizani chumbani. Chumba hakuna? Tundikeni leso mbili kwenye kamba.

Pimeni darasa zima, si wanene pekee, na muite mmoja mmoja. Mwombe ruhusa kwanza. Avue viatu na sweta, apande akitazamana nawe, kisha andika namba bila kuitamka. Kumsomea karani kwa sauti ndiko kunakozaa majina ya utani jioni hiyo hiyo.

Pima na urefu, kwa kuwa kilo peke yake hazisemi kitu. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 45 kwa mita 1.40 ni 45 ÷ 1.96, yaani karibu 23. Kwa mtu mzima hiyo ni kawaida. Kwa mvulana wa miaka 10, kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, imeshapita mstari wa +2, ambao ndio unene wa kupindukia. Basi tumieni chati ya umri na jinsia, msikadirie kwa macho.

Mkanda wa kupimia presha mkononi nao uwe mpana wa kutosha. Ukiwa mdogo husoma juu kuliko ilivyo, na mtoto anabandikwa ugonjwa asio nao.

Maneno yana uzito wake. “Bonge” na “kibonge” yaachwe, hata yakisemwa kwa mapenzi. Wapo wanaodhani kumchokoza kutamfanya apungue. Hapana! Mtoto anayechekwa hula kwa kujificha, hukwepa mpira na kliniki, na kilo huongezeka. Unene una mengi ndani yake: kurithi, dawa nyingine, usingizi, chakula kinachouzwa langoni mwa shule. Usimtwike mtoto lawama zote.

Mzazi naye aambiwe faraghani: soda ipunguzwe kwa nyumba nzima, na ugali, sukuma na omena viwe vya wote, asitengewe sahani yake.

Kwenye michezo, mwalimu agawe timu kwa kuhesabu moja, mbili, manahodha wasichague.

Mtoto akikoroma sana usiku, au ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nene, mwandikieni rufaa. Barua ifungwe kwenye bahasha, apewe mzazi mkononi.