Bia ya kwanza ya kimea kwenye sufuria ya lita 10

Maelekezo haya yanatoa chupa nane za nusu lita za bia ya rangi ya dhahabu iliyokolea, yenye kilevi cha karibu asilimia 4.8. Kinachotumika ni sufuria moja, mfuko wa kitambaa na jiko la gesi la kawaida. Kiasi hiki kinatosha kujifunzia, kwani kikiharibika umepoteza kilo moja ya kimea na Jumamosi moja. Anayeanza na lita 20 hufanya makosa yaleyale, ila yeye hukaa nayo mwezi mzima akiyanywa.

Maji matamu yanayotoka kwenye kimea, kabla hayajatiwa hamira, tutayaita togwa, maana ndivyo yalivyo: pombe ambayo bado haijachacha. Sheria za kutengeneza pombe hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo ulizia za unapoishi kabla hujanunua chochote. Kuhusu hofu ya kupofuka, nafaka iliyochachushwa namna hii haitoi methanoli ya kudhuru. Hatari hiyo iko kwenye pombe kali ya magendo, hasa iliyochanganywa kemikali za viwandani. Bia hii ibaki bia, usijaribu kuigeuza gongo.

Kimea

Pima kilo 1 ya kimea cheupe cha shayiri na gramu 60 za kimea cha karameli. Cha karameli kikikosekana, endelea bila hicho. Rangi na utamu vitapungua kidogo, basi.

Wengi hupotea hapa kwa kununua shayiri ghafi kwenye duka la vyakula vya mifugo kwa sababu ni rahisi. Shayiri hiyo haijaoteshwa, kwa hiyo haina vimeng'enya vya kutosha kugeuza wanga kuwa sukari. Utailoweka saa nzima na utaambulia uji. Kutofautisha si kazi: tafuna punje moja. Kimea huvunjika kama biskuti na kuacha utamu ulimini, shayiri ghafi hukaidi jino.

Kimea cha ulezi au mtama kinachouzwa sokoni ni kimea halali, lakini hakifuati njia hii. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, nyuzi 70 na zaidi, pale ambapo vimeng'enya vyenyewe vimeanza kufa. Ndiyo maana wapishi wengi wa pombe za kienyeji hupika uji kwanza, wakaungoja upoe, ndipo wakatia kimea. Hiyo ni kazi nyingine, na ina ufundi wake.

Kama kimea hakikusagwa dukani, kivunje mwenyewe. Mashine ya unga haifai, kwani husaga ganda likawa vumbi, mfuko ukaziba na bia ikawa na ukakasi wa chai iliyokaa sana. Tumia blenda kwa mibonyezo mifupi, gramu 100 kwa wakati, au kinu na mchi kwa mkono mwepesi. Mwaga kidogo kwenye sahani uangalie: kila punje iwe imevunjika vipande viwili hadi vinne, ganda likiwa bado linaonekana ni ganda. Ukikuta punje nzima nyingi, rudia. Punje nzima ni sukari uliyoilipia na hutaipata.

Vyombo na maji

Mfuko ushone kwa kitambaa chepesi cha pazia, kile cha nailoni chenye matundu madogo, uwe na upana wa kuvaa mdomo wote wa sufuria. Kipimajoto ni lazima. Haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo (maji matupu husoma 1.000, sukari ikizidi namba hupanda), pia ni lazima, hata kama utaambiwa unaweza kukisia. Mzani wa jikoni uwe unaosoma gramu moja moja.

Pima lita 7 za maji. Ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha ili klorini iondoke. Klorini ikikutana na kimea na hamira huzaa ladha ya plasta ya kidonda, nayo haitoki tena. Katika lita hizo 7, kimea kitanywa karibu lita 0.8 hata ukikikamua, na lita 1.5 hadi 2 zitaondoka na mvuke. Utabaki na lita 4 na nusu hivi, na mashapo ya chini hutayatumia.

Saa ya joto

Pasha maji hadi nyuzi 70, zima jiko, tandaza mfuko ndani ya sufuria, kisha mimina kimea polepole huku ukikoroga kwa mwiko. Vunja kila donge, kwani katikati ya donge hubaki unga mkavu. Joto litashuka lenyewe hadi nyuzi 67, na hapo ndipo tunapotaka. Kuna vimeng'enya vya aina mbili vinavyofanya kazi. Vya kwanza hupenda nyuzi 60 hadi 65 na hutoa sukari ambayo hamira huimaliza yote. Vya pili hupenda kuanzia 68 hadi 72 na huacha sukari nzito zinazoipa bia mwili. Nyuzi 67 zinavipa vyote nafasi. Ukishuka hadi 62 bia itakuwa kavu na nyepesi, ukipanda hadi 71 itakuwa nzito na tamu. Ukivuka 76 umeviua vimeng'enya, na kuongeza maji baridi baadaye hakuvifufui.

Sufuria ndogo hupoteza joto haraka, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Funika, kisha itie kwenye kikapu cha kuhifadhia joto, kile cha kumalizia kuivisha maharage, au izungushie blanketi mbili. Usifunue kila baada ya dakika tano. Dakika ya 30 koroga mara moja na upime. Kama imeshuka chini ya 64, washa moto mdogo huku ukikoroga, lakini kwanza inua mfuko au weka sahani ya chuma chini yake, la sivyo nailoni itayeyukia kwenye kitako cha sufuria.

Baada ya dakika 60, chota kijiko kimoja cha togwa bila punje, kimwage kwenye sahani nyeupe na udondoshee tone la tinkcha ya iodini ya duka la dawa. Likibaki rangi ya kahawia ya chai, wanga umekwisha. Likigeuka buluu nyeusi kama wino, bado. Funika tena dakika 15 na ujaribu upya. Sampuli hiyo mwaga, usiirudishe.

Inua mfuko, uache udondoke juu ya chujio pana, kisha ukamue kwa vifuniko viwili vya sufuria. Watu huogopa kukamua wakidhani kunaleta ukakasi. Ukakasi huletwa na maji ya moto kupita kiasi na ganda lililosagwa, kwa hiyo kamua tu. Machicha wape kuku yakishapoa, siku hiyohiyo. Kesho yatakuwa yamechachuka.

Kuchemsha

Togwa ikikaribia kuchemka hutoa povu zito linalopanda ghafla. Kaa hapohapo na mwiko mkononi, punguza moto linapopanda. Povu likitulia, hesabu dakika 60 na utie gramu 8 za hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, aina ya Cascade yenye asidi za alfa (chanzo cha uchungu) asilimia 6. Hizi ndizo za uchungu. Zikibaki dakika 10 tia gramu 5 nyingine, na ukizima moto malizia na gramu 5 za harufu. Asilimia huandikwa kwenye pakiti: ikiwa 12, za uchungu zitoshe gramu 4.

Anayeishi Nairobi au Mbeya aongeze gramu 2 kwenye zile za mwanzo. Kwenye mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na uchungu wa hopsi hutoka polepole kuliko Dar es Salaam au Mombasa.

Usifunike sufuria wakati wa kuchemsha. Mvuke hubeba kemikali yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha, na ukiufungia utaukuta ndani ya glasi.

Kupoza

Kuanzia hapa, kila kinachogusa togwa kiwe safi kabisa. Vya chuma vichemshe. Vya plastiki loweka dakika 20 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichanganye dawa hiyo na siki wala asidi yoyote, kwani hutoa gesi ya sumu.

Funika sufuria, iweke kwenye karai la maji, badilisha maji yakipata moto, na mwishoni tia barafu kwenye karai. Usitie barafu ndani ya togwa. Lita 4 na nusu hufika nyuzi 20 kwa nusu saa hivi. Chota sampuli usome haidromita: tarajia karibu 1.049. Isome sampuli ikiwa nyuzi 20, kwani ya moto husoma chini. Ukipata 1.040, kimea hakikuvunjika vizuri au ulibaki na maji mengi. Haijaharibika, itakuwa bia nyepesi.

Kuchacha

Mimina kwenye ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 6 hadi 10, ukiacha mashapo. Imimine kutoka juu ili ichanganyike na hewa. Ni mara ya pekee hewa inakaribishwa. Nyunyiza gramu 4 za hamira kavu ya bia. Pakiti za kawaida zina gramu 11, kwa hiyo pima. Ya mikate itafanya kazi, lakini hutulia vibaya na huacha ladha ya mkate mbichi. Funika, pitisha mpira mwembamba kwenye tundu la kifuniko na uzamishe ncha yake kwenye chupa ya maji. Usizibe kabisa, gesi itang'oa kifuniko.

Hamira kama Safale US-05 hutaka nyuzi 18 hadi 22. Arusha au Nairobi hilo hupatikana kwenye kona ya chumba isiyo na jua. Pwani, chumba chenye nyuzi 30 kitaipa bia harufu ya rangi ya kucha na maumivu ya kichwa asubuhi. Unaweza kuikalisha ndoo kwenye beseni la maji, ukaivika taulo bichi na kuielekezea feni, na hivyo ukapunguza nyuzi chache. Bora zaidi ni kutafuta hamira ya kveik, ile ya wakulima wa magharibi mwa Norway. LalBrew Voss, kwa mfano, hufanya kazi kuanzia nyuzi 25 hadi 40. Kwa mkazi wa Tanga au Mombasa, hiyo inashinda friji.

Povu litaonekana ndani ya siku moja au mbili. Mapovu kukoma kwenye chupa ya maji si ushahidi kwamba imekwisha. Subiri wiki mbili (kveik huweza kumaliza kwa wiki moja), soma haidromita, na usome tena baada ya siku tatu. Namba ikiwa ileile, karibu 1.012, imekwisha. Ikigoma kwenye 1.020, sogeza ndoo mahali penye joto kidogo, itikise taratibu, ngoja wiki nyingine.

Chupa

Hatua hii ndiyo inayoweza kumuumiza mtu. Bia iliyofungwa kabla haijamaliza kuchacha hupasua chupa, na vioo huruka. Kwa mara ya kwanza tumia chupa za plastiki za soda za nusu lita: zinavumilia presha na zinakuonyesha hali yake kwa kidole. Za maji ya kunywa ni laini mno, ziache.

Yeyusha gramu 26 za sukari ya kawaida kwenye maji kidogo yanayochemka, yapoe, yamimine kwenye ndoo ya pili iliyo safi. Hamisha bia kwa mpira, ncha ikiwa imezama chini ili isirushe mapovu, maana hewa sasa huipa ladha ya karatasi iliyolowana. Usianzishe mtiririko kwa kunyonya mpira kwa mdomo. Ujaze maji yaliyochemshwa kwanza. Kama imebaki lita 3 na nusu tu, sukari iwe gramu 23. Kupima kwa kijiko kila chupa hufanya moja ilale na nyingine ifoke.

Jaza ukiacha nafasi ya vidole viwili, funga, weka gizani kwenye joto la chumba. Mwanga huipa hopsi harufu ya kicheche. Bonyeza chupa moja kila siku: ikiwa ngumu kama soda mpya, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, hamishia moja kwenye friji kwa siku mbili uionje. Ikiwa na harufu ya tufaha bichi, ni changa. Zilizobaki zipe wiki mbili zaidi. Ikiwa chachu kama siki, kuna chombo hakikuwa safi, na mara nyingi ni mpira, kwa hiyo nunua mwingine. Ikifoka yote ukiifungua, tia zote kwenye friji leo na uzifungue polepole juu ya sinki.

Unapomimina, inamisha glasi na uache kumimina kabla chupa haijaisha. Ile sentimita ya mwisho yenye ukungu ni hamira, na tumbo lisiloizoea litakukumbusha.