Kigoma hadi Tabora kwa ndege: piga hesabu mwenyewe

Nafundisha jiografia hapa Kigoma, na swali hili huletwa na wazazi zaidi ya wanafunzi: Tabora kwa ndege ni umbali gani, na ni dakika ngapi? Ni kilomita 350 hivi, na kwa ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-Q400 tenga kama dakika 45. Lakini napenda mtu aone jibu linavyopatikana, maana hesabu yenyewe ni nyepesi na inapendeza.

Fungua ramani ya simu, ushikilie kidole juu ya uwanja wa ndege wenyewe, si katikati ya mji. Zitatokea namba mbili, latitudo na longitudo. Longitudo ya Kigoma ni kama 29.67, ya Tabora 32.83. Toa: 3.16. Hizo ni nyuzi, na kila nyuzi moja hugawanywa dakika 60 (si dakika za saa). Zidisha kwa 60 upate dakika za nyuzi, karibu 190.

Hapa ndipo tuna bahati. Viwanja vyote viwili viko karibu na latitudo 5 kusini, na karibu na Ikweta kila dakika ya longitudo ni takriban maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Kwa hiyo dakika 190 ni maili 190. Zidisha kwa 1.852, unapata 352. Tofauti ndogo ya latitudo haibadilishi kitu cha maana. Ukienda Tabora hadi Mwanza, geuza: miji hiyo imepangana kaskazini na kusini, basi toa latitudo (5.08 na 2.45), uzidishe vilevile. Ni kama kilomita 290. Miji iliyokaa mshazari, kama Kigoma na Mwanza, inataka kanuni ya Pithagorasi, ile ya pembetatu mraba.

Usichanganye umbali huu na ule wa reli, unaozidi kilomita 400. Treni lazima ipinde kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo. Ndege inakata juu ya Malagarasi na miombo moja kwa moja.

Sasa muda. Dash 8 ikishatulia angani hukimbia kama kilomita 660 kwa saa, kwa hiyo 350 gawanya kwa 660, zidisha kwa 60: dakika 32. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa tiketi inasema zaidi. Ongeza dakika 10 hadi 15 za kutembea ardhini, kupaa na kushuka, maana huko kote ndege haijafika mwendo huo. Safari ikiwa fupi, nyongeza hii ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tofauti. Kwa ndege ndogo aina ya Caravan, weka kilomita 300 kwa saa. Pamoja na nyongeza hiyo, itakupa saa moja na dakika 20 hivi.

Saa za tiketi soma kwa uangalifu, hasa ukimkatia mzee: 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Kigoma na Tabora saa ni moja, ingawa jua la Kigoma huchelewa kuzama kwa karibu dakika 13, kwa sababu ya nyuzi zilezile tatu na kitu. Anayevuka kwenda Bujumbura arudishe saa yake nyuma kwa saa moja kabla ya kupanga nani ampokee.