Gari ya Zamani Inachemsha: Utengeneze Ama Uachane Nayo?

Kabla hujamruhusu fundi afungue hedi (ile sehemu ya juu inayofunika silinda za injini), jiulize gari inachemshia wapi. Kama ni ukiwa kwa jam, umekwama Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni, halafu ukipata barabara wazi sindano ya joto kwenye dashibodi inashuka yenyewe, mara nyingi shida ni feni ama relei yake ama swichi ya joto, na hiyo si injini kabisa. Ikiwa inachemsha ukikimbia ama ukipanda kwenda Limuru, hapo shuku rejeta imeziba, pampu ya maji, ama gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Kitu watu hawaangalii ni kifuniko cha rejeta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na huku maji ya kawaida yanachemka kwa digrii 94 hivi, si 100, kwa hivyo presha inayoshikiliwa na hicho kifuniko ndiyo inasaidia maji yasichemke mapema. Angalia juu yake, kumeandikwa presha yake, 0.9 ama 1.1, ununue cha namba hiyo hiyo. Mimi na Corolla yangu ya 2002, fundi wa kwanza aliniambia injini imeisha tubadilishe, siku tatu sikulala vizuri. Wa pili alitoa kifuniko, akabonyeza raba kwa kidole ikakatika kama biskuti. Tukaweka kipya na paipu moja iliyokuwa imefura, na gari ikatembea.

Sasa pima. Fanya asubuhi injini ikiwa baridi, usiwahi kufungua rejeta ikiwa moto, yale maji yanaruka na kuchoma uso. Jaza maji, washa, uangalie mdomoni pa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu, lakini yakiendelea kuja bila kukoma hata baada ya dakika kadhaa, hiyo ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi. Fungua pia kifuniko cha oili, ukikuta rangi ya chai ya maziwa maji yameingia kwa oili, usiendeshe tena. Na oili ikiwa safi bado usifurahi haraka, gasketi inaweza kuvuja bila kuchanganya oili na maji, ndiyo maana nasema lipa fundi apime kompresheni na presha ya rejeta, ni pesa kidogo ukilinganisha na kufungua injini bure.

Na tafadhali, ukiambiwa "toa themostati uachane nayo" (ile valvu inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto), kataa. Injini inakaa baridi, inakula mafuta, na shida yenyewe inafichika tu. Weka mpya, na uache maji ya mfereji, yanaleta kutu. Weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta.

Ikiwa kweli ni gasketi, kinachoamua ni ulipika injini muda gani. Ulisimama mara sindano ilipopanda? Uko na nafasi nzuri. Uliisukuma mpaka ikazima yenyewe? Hedi ya aluminiamu hupinda, wakati mwingine hupasuka, na ringi za pistoni nazo zinaweza kulegea. Hedi lazima ipelekwe mashini ipimwe nyufa na iskimiwe, yaani uso wake usawazishwe, kama imepinda, fundi anayetaka kubandika gasketi mpya bila kupima hedi atakurudisha hapo hapo baada ya muda mfupi.

Halafu piga hesabu, na bei za spea ziulize mwenyewe Kirinyaga Road, usitegemee mdomo wa fundi peke yake. Tuseme gari ikiwa mzima inauzwa 350,000, vile iko sasa mtu anakupa 200,000, na kazi yote pamoja na gasketi, mashini, pampu, themostati, oili na ufundi ni 70,000. Hapo tengeneza. Lakini kama giaboksi inateleza, chini kumeoza kwa kutu na bloku imepasuka, mimi ningeuza vile iko, na ningemwambia mnunuzi ukweli wote.

Injini nyingine kutoka Japani ni njia pia, ila sikiliza ikiwaka kabla hujalipa, dai risiti na karatasi zake, na ujue namba ya injini itabadilika kwa hivyo lazima logbuku irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Ukishatengeneza, wiki mbili za kwanza angalia maji kila asubuhi kabla hujawasha, weka alama kwa peni pale kwenye chupa ya akiba. Yakishuka chini ya alama, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo akiwa bado anakumbuka gari yako.