Oili chafu, thina na betri mbovu: jinsi ya kuzitoa nyumbani bila kuziingiza mtoni

Mimi ni fundi rangi, na kabla ya hapo nilishika spana gereji miaka kadhaa, kwa hiyo hivi vitu nimevishika sana. Zamani nilikuwa namwaga tu, thina ya kuoshea brashi ilikuwa inaenda mtaroni, mpaka siku moja baada ya mvua nikaufuata ule mtaro mpaka mwisho wake nikakuta unaingia mtoni moja kwa moja, hakuna chujio wala nini, na watoto wanaoga palepale. Iliniuma sana. Wengi tunadhani maji ya mtaro yanapitia mahali yakasafishwa kwanza, sehemu nyingi hayapitii popote.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba nzima
Angalia chini ya sinki, stoo, kwenye buti ya gari. Soma lebo. Fuvu na moto watu wanazijua, ila ipo na alama ya mti mkavu na samaki aliyekufa, hiyo inakwambia kitu hicho kinaua viumbe vya majini.

Hatua ya 2: Usihamishe, usichanganye
Kila kitu kikae kwenye kopo lake. Likivuja, litie lote kwenye ndoo yenye mfuniko, weka mchanga chini. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia inatoa gesi nyingine ya sumu, kwa hiyo ule mtindo wa kukusanya vijichupa vyote kwenye dumu moja acha kabisa. Na chupa ya soda usitumie kamwe, jamani, mtoto akiona chupa ya soda anakunywa.

Hatua ya 3: Oili chafu
Hapa ndo penye kazi. Ikingie kwenye beseni, halafu kwa faneli mimina kwenye kidumu kikavu chenye mfuniko, kisiwe kilichokuwa na jiki wala thina, maana oili ikichanganyika na vitu hivyo hairudi tena kiwandani. Ikibaki peke yake inasafishwa na kutumika upya, oili kwa kweli haichakai, inachafuka tu. Filta nayo itoboe, igeuze juu ya beseni, iache siku nzima ichuruzike. Peleka gereji au kituo kinachopokea. Kuna wanaopaka kwenye nguzo kuzuia mchwa au kumwagia uani kutuliza vumbi, mvua ikija inaisomba yote. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema oili ya gari moja tu inayotolewa kwa sevisi moja inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Inatanda juu ya maji kama ngozi, hewa haipiti, samaki wanakosa pumzi. Ikimwagika chini usipige maji! Mwagia mchanga au vumbi la mbao, inyonye, kisha zoa uweke kwenye mfuko pamoja na hizo taka nyingine za sumu.

Hatua ya 4: Rangi na thina
Thina iliyooshea brashi ifunike siku mbili tatu, rangi inazama chini, ile safi ya juu unaimimina taratibu kwenye kopo lingine unaitumia tena, mimi nafanya hivi kila kazi. Tope linalobaki usilimwage. Rangi ya maji iliyobaki changanya na vumbi la mbao mpaka igande, sehemu nyingi inaruhusiwa kwenda na taka za kawaida, ya mafuta hapana. Na matambara yenye mafuta ya kupaka mbao usiyarundike, yanawaka yenyewe bila kiberiti, yaanike mojamoja nje.

Hatua ya 5: Vilivyobaki
Dawa za hospitali zilizopita muda rudisha famasi inayopokea, usizitupe chooni. Betri za lithiamu ziba ncha kwa selotepu. Taa za tyubu zina zebaki, usizivunje. Chupa ya dawa ya wadudu suuza mara tatu, yale maji yarudishe kwenye bomba la kupulizia upulizie mimea ileile, kisha itoboe mtu asije akachotea maji ya kunywa.

Hatua ya 6: Kuhifadhi na kupeleka
Uliza ofisi ya taka ya eneo lako siku na mahali pa kupokelea. Wakati unasubiri weka vyote juu ya rafu, kivulini, mbali na moto, na juu kuliko maji ya mafuriko yanapofikia, kwa sababu mafuriko yakiingia stoo yanabeba kila kopo mpaka mtoni. Siku ya kupeleka simamisha makopo wima ndani ya boksi, vifuniko juu, madirisha ya gari wazi.