Somo: Kuchapa pamba kwa kibao, tukijifunza kwa William Morris

Mwaka 1881 Morris, mbunifu wa nakshi wa Uingereza, alihamishia karakana yake Merton Abbey, kusini mwa London, kando ya mto Wandle. Kabla ya hapo, kuanzia 1875, alikuwa akienda mji wa Leek, Uingereza, kwa Thomas Wardle, mpiga rangi, na kuchovya mikono kwenye nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea, mpaka ikawa ya buluu. Rangi za kiwandani zilikuwa zimejaa sokoni tangu mkemia Perkin alipogundua zambarau yake mwaka 1856, na nyingi zilipauka vibaya juani. Morris alizikataa, akarudi kwenye nili na mimea. Namheshimu kwa hilo kuliko hata kwa michoro yake.

Sisi tutaanza na rangi moja.

1. Nunua marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Ifue kwa maji ya moto na sabuni hadi wanga wote utoke. Kitambaa chenye wanga hukataa rangi: utaiona imekaa juu juu, na ukifua mara moja inaondoka.

2. Chora nakshi. Hapa usiharakishe. Kata karatasi ya mraba, sentimita 15 kwa 15. Chora katikati tu, usiguse kingo. Kisha ikate wima katikati, ubadilishane nusu mbili: ya kushoto iende kulia, ya kulia iende kushoto, uzigundishe. Ikate tena kwa mlalo ufanye vivyo hivyo. Sasa mchoro wako uko kwenye kingo na katikati pana uwazi. Jaza uwazi huo kwa majani. Nakshi yako itaungana na jirani yake pande zote nne, na mtu hataona mahali ulipoanzia.

3. Hamishia mchoro kwenye raba nene ya soli, ile wanayotumia mafundi viatu, iliyogundishwa juu ya ubao. Chonga uondoe pale pasipotakiwa rangi. Mafundi wa zamani walichonga mti wa mpeasi, mistari myembamba wakaipigilia kwa vipande vya madini, na sehemu pana wakazijaza manyoya yaliyoshindiliwa ili zinywe rangi sawasawa.

4. Pigilia kijimsumari kidogo kwenye kila kona ya kibao. Kitaacha nukta kwenye kitambaa, na nukta hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuweka kibao kinachofuata. Kitambaa changu cha kwanza cha meza nilikichapa bila nukta: safu ya kwanza ilinyooka, ya tano ilikuwa imeshapinda vidole viwili.

5. Tandika blanketi kuukuu mezani, juu yake shuka, kisha marekani, uibane kwa pini. Paka rangi ya kuchapia fulana kwenye kipande cha kitambaa cha sufu ndani ya sinia. Gusisha kibao kwenye sufu mara mbili, kiweke kwenye kitambaa, kigonge mgongoni kwa mpini wa nyundo.

6. Acha ikauke siku nzima, kisha piga pasi upande wa nyuma.

Ukitaka rangi ya pili, chonga kibao cha pili. Nakshi ya Morris iitwayo Cray, ya 1884, ilihitaji vibao 34.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Rangi yangu inavuja kando ya mistari. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Sufu yako imelowa mno. Ikiguswa na kidole iache unyevu tu, isiache kidimbwi.

Dada, niliona picha ya Strawberry Thief, nakshi ya Morris, ile ya ndege wanaoiba stroberi. Nyeupe ilichapwaje juu ya buluu?

Haikuchapwa, kaka. Ndege wale Morris aliwaona bustanini kwake Kelmscott, na nakshi ni ya 1883. Kitambaa kizima kilichovywa kwenye nili. Kikitolewa huwa cha kijanikijani, kikikutana na hewa kinageuka buluu mbele ya macho yako. Kisha kibao kilichapa dawa ya kuiondoa buluu, nyekundu na manjano zikafuata kwa vibao vyake. Dawa zile ni kali, usizijaribu jikoni. Fanya kama mafundi batiki: kata sponji kwa umbo lako, ichovye kwenye nta ya moto, gonga kitambaa cheupe, kisha chovya kwenye rangi. Ilipo nta patabaki peupe.

Naweza kuchapa kanga kwa njia hii?

Unaweza, ila fikiria upya hatua ya 2. Nakshi ya Morris haina pindo. Unaikata popote na bado imekamilika. Kanga ina pindo na mji, na kila kimoja kina pake. Chonga kibao cha pindo, kingine cha mji, na kibao cha tatu cha kona, kwa sababu pindo likigeuka kona kwa kibao kilekile, maua yanakatika. Anza kuchapa kona nne, halafu ujaze katikati yao.