Kiyoyozi kinapuliza lakini chumba hakipoi

Anza na chujio. Zima umeme, fungua kifuniko cha mbele, litoe, lioshe kwa maji, likauke kivulini. Wakati wa kaskazi rudia kila wiki mbili.

Kiwashe dakika 15, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia na inayotoka: tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Ikipungua, kagua mashine ya nje. Nyumba za ufukweni, Nungwi au Paje, chumvi hula mapezi ya alumini (vile vibati vyembamba vilivyopangana kwenye mashine hiyo) hadi yakamomonyoka kama biskuti. Yaoshe kwa maji baridi ya bomba, taratibu, yasipinde.

Lile bomba jembamba, kati ya mawili yanayounganisha mashine ya nje na ya ndani, likiganda barafu ilhali chujio ni safi, huenda gesi ya kupoozea imepungua, na gesi haiishi bila kuvuja. Fundi anayetaka kujaza tu, bila kutafuta panapovuja, mkatalie.